Chombo cha Majaribio Hakibebi Amana za Watu

Mwezi Julai 2025 programu ya simu iitwayo Tea ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya programu za bure kwenye duka la Apple nchini Marekani. Ilikuwa programu ya wanawake peke yao. Mwanamke aliyejuana na mwanamume mtandaoni, kabla hajakubali kuonana naye ana kwa ana, aliingia humo kuuliza wenzake: yupo anayemfahamu huyu? Ana mke? Amewahi kumpiga mwanamke? Picha anazotumia ni zake kweli? Mwanzilishi wake, Sean Cook, alieleza kwamba wazo lilimjia baada ya kuona mikasa iliyomfika mama yake alipokuwa akitafuta mwenza mtandaoni. Lilikuwa wazo jema, na wanawake kwa mamia ya maelfu walilipokea.

Kujiunga kulikuwa na sharti. Ili wanaume wasijipenyeze, kila aliyeomba uanachama alipaswa kuthibitisha kwamba ni mwanamke kwa kupiga selfi, na wale wa siku za mwanzo walitakiwa pia kutuma picha ya kitambulisho. Sera ya faragha ya kampuni iliwaambia kwamba picha hizo zingefutwa mara tu uthibitisho ukikamilika. Wakaamini, wakatuma.

Tarehe 25 Julai vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba watu wa jukwaa la 4chan wamekuta hifadhi ya picha za Tea iko wazi. Hifadhi hiyo ilikuwa kwenye Firebase, huduma ambayo wajenzi wengi wa programu hukimbilia wanapotaka kuanza haraka. Hapakuhitajika ufundi mkubwa wa kudukua. Mwenye anwani aliweza kuingia bila kuulizwa yeye ni nani, akapakua alichotaka. Picha zilizovuja zilikuwa kama 72,000. Kati ya hizo, zipatazo 13,000 ni selfi na vitambulisho vilivyotumwa kwa ajili ya uthibitisho, na nyingine 59,000 zilitoka kwenye machapisho, maoni na ujumbe wa wanachama. Kampuni ilisema waathirika ni waliojiunga kabla ya Februari 2024, na kwamba picha zao zilikuwa katika mfumo wa zamani wa kuhifadhia. Kwa maneno mengine, picha zilizoahidiwa kufutwa zilikuwa bado zipo.

Hazikupita siku nyingi, ikabainika hifadhidata ya pili nayo inaweza kusomwa na wasiohusika. Humo mlikuwa na ujumbe wa faragha zaidi ya milioni 1.1. Wanawake walikuwa wameandikiana kuhusu mimba walizotoa, waume waliowasaliti, namba zao za simu, na mahali pa kukutana. Watu wenye nia mbaya walitengeneza tovuti ya kushindanisha sura za waliovujishiwa selfi, na ramani ikasambazwa ikidai kuonyesha mahali wanapoishi. Kesi zikafunguliwa mahakamani. Oktoba mwaka uleule Apple ikaiondoa programu hiyo katika duka lake. Wanawake walioingia Tea kutafuta usalama ndio walioanikwa mbele ya watu waliokuwa wakiwakimbia. Maji yakimwagika hayazoleki: nywila ikivuja hubadilishwa kwa dakika moja, lakini uso wa mtu haubadilishwi.

Kisa hiki kilitokea Marekani, ila kinawahusu vijana wetu moja kwa moja. Anayejenga programu leo Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Kigali anatumia vyombo vilevile vinavyotumika Marekani. Chaguo la kuacha hifadhi wazi liko kwenye skrini ya mjenzi wa huku kama lilivyo kwa mjenzi wa kule, limeandikwa kwa maneno yaleyale na linasubiri kubofywa.

Tuvitazame basi vyombo hivyo. Firebase ilianzishwa mwaka 2011 na James Tamplin na Andrew Lee, na Google ikainunua mwaka 2014. Inampa mjenzi hifadhidata, mahali pa kuweka picha, na njia ya kuwasajili watumiaji, vyote bila yeye kununua wala kusimamia seva. Kazi iliyokuwa ikichukua wiki kadhaa za mafundi wawili watatu sasa inafanywa na mtu mmoja kwa jioni moja. Wapo na ndugu zake: Supabase kwa hifadhidata, Bubble na Glide kwa wanaojenga bila kuandika msimbo, na sasa Replit na Lovable, ambapo mtu anaeleza anachotaka kwa maneno ya kawaida na akili mnemba inamwandikia msimbo wote. Vyombo hivi ni neema ya kweli. Msichana wa mwaka wa pili chuoni, asiye na mtaji wala mjomba tajiri, anaweza kuweka wazo lake mbele ya watu kabla muhula haujaisha. Kizazi kilichomtangulia hakikuwa na nafasi hiyo.

Lakini kila chombo cha haraka kimepata haraka yake kwa kuahirisha jambo fulani. Mara nyingi jambo linaloahirishwa ni swali la nani anaruhusiwa kuona nini. Unapofungua hifadhidata mpya kwenye Firebase, unaulizwa uchague: ianze ikiwa imefungwa, au ianze katika hali ya majaribio. Ukiifunga, hakuna kinachosomeka mpaka uandike kanuni za ruhusa, na kanuni hizo zinataka utulie ufikiri. Ukichagua majaribio, kila kitu kinafanya kazi papo hapo, kwa sababu yeyote mwenye anwani anaruhusiwa kusoma na kuandika. Hali hiyo iliwekwa kwa ajili ya siku zile ambazo ndani hamna kitu ila majina ya kubuni, na siku hizi imewekewa kikomo cha siku 30. Kishawishi kinajulikana: mjenzi ana shauku ya kuona kitu kinasogea, anachagua majaribio, anajiambia atarudi kufunga baadaye. Kisha watumiaji wa kweli wanaanza kuingia, kazi zinaongezeka, kikomo kinasogezwa mbele, na baadaye haifiki.

Mwaka huohuo wa 2025 vilitokea visa vingine viwili vinavyolithibitisha jambo hili. Mhandisi mmoja alikagua programu 1,645 zilizojengwa kwa Lovable, akakuta 170 kati yake zinaruhusu mtu yeyote kuona taarifa za watumiaji: majina, barua pepe, taarifa za fedha, hata funguo za siri za kuunganisha huduma. Hiyo ni zaidi ya programu moja katika kila kumi. Akili mnemba ilikuwa imejenga kurasa nzuri na vitufe vinavyofanya kazi, lakini kanuni za kuzuia mtu asisome safu isiyo yake kwenye hifadhidata hazikuwekwa ipasavyo, na mwenye programu hakujua kwamba zinahitajika.

Kisa cha pili kilimpata Jason Lemkin, mwekezaji wa Marekani, aliyekuwa akijenga programu kwa msaada wa akili mnemba ya Replit. Alisimulia hadharani kwamba chombo hicho kilifuta hifadhidata yake hai, yenye kumbukumbu za wakuu wa kampuni zaidi ya 1,200, ilhali alikuwa ameshakiagiza kisibadilishe chochote. Kumbukumbu ziliweza kurudishwa. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi na kutangaza kwamba hifadhidata ya majaribio itatenganishwa na ile hai. Kwamba utengano huo ulikuja baada ya ajali ndilo jambo la kutufunza. Mahali pa kujaribia na mahali pa kutunzia palikuwa pamoja.

Msomaji anaweza kufikiri kwamba dawa ni kuviacha vyombo vya haraka, kujenga kila kitu kwa uimara tangu siku ya kwanza, ndipo kufungua mlango. Njia hiyo nayo imezika watu. Kampuni ya Webvan ilianzishwa California mwaka 1996 na Louis Borders ili kupeleka vyakula vya dukani mpaka majumbani. Ilianza kuhudumia eneo la San Francisco mwezi Juni 1999 kwa ghala kubwa lenye mitambo ya kisasa huko Oakland. Mwezi uliofuata, kabla haijajua kama wateja wa mji mmoja tu wanatosha kulipa gharama, ilitia saini mkataba wa dola bilioni moja na kampuni ya ujenzi ya Bechtel ili kujengewa maghala mengine katika miji mingi. Julai 2001 ikafilisika na wafanyakazi wapatao 2,000 wakapoteza kazi. Webvan ilikuwa na uimara wote uliohitajika, ila ilikuwa haijapata jibu la swali lake la msingi.

Kwa hiyo haraka ina mahali pake, na mahali pake ni kwenye kujifunza. Mwaka huohuo wa 1999, mjini San Francisco, Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watanunua viatu mtandaoni bila kuvijaribu miguuni. Hakujenga ghala. Alikwenda kwenye duka la viatu, akaomba ruhusa ya kupiga picha, akaziweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, yeye anarudi dukani, ananunua kiatu kwa bei ya rejareja na kukituma. Kibiashara ilikuwa hasara, lakini swali lilijibiwa, na ndiyo asili ya Zappos, ambayo Amazon iliinunua mwaka 2009. Groupon nayo ilianza Chicago mwaka 2008 kwa tovuti ya kawaida ya WordPress. Kila siku waliandika tangazo moja la punguzo. Walipouza fulana, walieleza kwamba rangi ni nyekundu na saizi ni kubwa, anayetaka nyingine aandike barua pepe. Vocha zilitengenezwa kwa programu ya kawaida ya ofisini na kutumwa kwa barua pepe. Aliyeathirika iwapo jambo lingeharibika ni mtu aliyekosa fulana ya saizi yake.

Tazameni jambo moja katika mifano hii miwili. Swinmurn na vijana wa Groupon walitumia vifaa duni kabisa, lakini hawakuvitwisha mzigo mzito. Picha ya kiatu ikivuja haimdhuru mtu. Tofauti yao na Tea haimo katika ubora wa vifaa. Imo katika kile kilichowekwa ndani yake.

Mfano ulio bora kuliko yote uko hapa kwetu. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, wakishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, na benki ya Commercial Bank of Africa. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ndio waliosukuma kazi hiyo. Wateja wa majaribio walikuwa kama 500 tu, na mawakala walihesabika kwa vidole. Wazo la awali lilikuwa kumwezesha mkopaji alipe rejesho lake kwa simu. Watu walipopewa huduma, wakaitumia kwa namna ambayo waandaaji hawakuipanga: wakatumiana fedha, wakalipana kwenye biashara zao, wakawatumia ndugu walioko mbali. Waandaaji walitazama, wakasikiliza, wakaliacha wazo la marejesho ya mikopo. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa nchi nzima, ujumbe wake ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Hayo husimuliwa mara nyingi. Kisichosimuliwa vya kutosha ni kwamba fedha za wateja ziliwekwa benki katika akaunti ya amana, zikatengwa na fedha za kampuni yenyewe. Huduma iliruhusiwa kuyumba. Menyu ya simu iliruhusiwa kubadilika, mafunzo ya mawakala yaliruhusiwa kuanza upya, hata kusudi la bidhaa nzima liliruhusiwa kugeuka. Fedha ya mama muuza mboga haikuruhusiwa kupotea. Waandaaji walijua kipi ni cha kujaribia na kipi ni cha kutunza, na wakaviweka mahali tofauti.

Mama lishe anayetaka kujua kama mtaa mpya una wateja huanza na jiko moja la mkaa na masufuria mawili chini ya mwembe. Hakuna atakayemlaumu, na wateja wakikosekana anahama bila hasara kubwa. Lakini siku majirani watakapoanza kumwekea fedha zao za upatu, hawezi kuzifukia chini ya lile jiko kwa hoja kwamba biashara bado ni changa. Jiko linaruhusiwa kuwa la majaribio. Fedha za watu haziruhusiwi.

Hapo ndipo mafunzo ya kazi yanapoanzia, na nayasema kwa anayejenga sasa hivi, usiku huu, kompyuta ikiwa mbele yake.

Funzo la kwanza: andika swali kabla hujachagua chombo. Bidhaa ya kwanza ni njia ya kuuliza swali moja. Je, mafundi magari wa Kariakoo wataagiza vipuri kwa simu bila kwenda dukani? Swali hilo linajibiwa kwa WhatsApp, daftari na bodaboda mmoja. Je, wazazi watalipa ili wapate maendeleo ya mtoto kila wiki? Fomu za Google na jedwali la Excel vinatosha kwa darasa moja. Mara nyingi ukiliandika swali vizuri unagundua huhitaji kumsajili mtu, huhitaji nywila, wala huhitaji kitambulisho. Programu nyingi zinamtaka mtumiaji ajaze kurasa tatu za taarifa zake kabla hazijamwonyesha chochote, kwa sababu tu kiolezo kilichotumika kilikuja na kurasa hizo.

Funzo la pili: usichukue usichokihitaji, na ulichokihitaji kwa dakika moja usikae nacho mwaka. Tea ilihitaji kujua kama mwombaji ni mwanamke. Ikishajua, haja ya kukiona kitambulisho imekwisha. Kilichobaki kutunzwa ni neno moja tu, amethibitishwa. Picha iliyofutwa haiwezi kuvuja. Kama umeahidi kufuta, weka mfumo unaofuta wenyewe, kisha nenda ukakague kwa macho yako kwamba hifadhi ni tupu. Ahadi iliyoandikwa kwenye sera na isiyotekelezwa kwenye msimbo ni uongo, hata kama aliyeiandika hakukusudia kudanganya.

Funzo la tatu: mahali pa kujaribia na mahali pa kutunzia pasiwe pamoja hata kwa siku moja. Wakati wa kujenga tumia majina ya kubuni, namba za kubuni, picha za kubuni. Fungua hifadhi nyingine kabisa kwa ajili ya watumiaji wa kweli, na hiyo ianze ikiwa imefungwa. Utasumbuka kuandika kanuni za ruhusa, na usumbufu huo ndio kazi yenyewe. Usimpe msaidizi wa akili mnemba ufunguo wa hifadhi hai. Weka nakala ya akiba mahali pengine, na ujaribu kuirudisha kabla hujapatwa na dharura.

Funzo la nne: jaribu mlango wako mwenyewe kabla mwizi hajaujaribu. Huhitaji kuwa bingwa wa usalama wa mitandao. Fungua akaunti mbili katika programu yako, moja ya mteja wa kwanza na nyingine ya wa pili. Ingia kama wa kwanza, kisha badilisha namba iliyo kwenye anwani ya ukurasa uone kama utaziona taarifa za wa pili. Toka kabisa, fungua kivinjari kisichokutambua, bandika anwani ya picha iliyopakiwa na mteja. Ikifunguka, basi inafunguka kwa dunia nzima. Tafuta pia kama funguo za siri za huduma unazolipia zimeandikwa ndani ya msimbo unaopelekwa kwenye simu ya mteja, kwa maana hapo yeyote mwenye subira atazisoma. Ukaguzi huu unafanyika kwa asubuhi moja. Na kabla ya kupokea kitambulisho cha kwanza cha mtu, tafuta anayeujua usalama kweli, mlipe, akague upya.

Funzo la tano: panga mapema siku ya kuhama, na ukihama, bomoa ulikotoka. Andika mwanzoni kabisa ni jambo gani likitokea utaacha chombo cha majaribio: labda ni siku utakapotaka kupokea malipo, labda ni siku utakapoomba namba ya kitambulisho cha taifa, labda ni mteja wa mia. Usiyaache hayo yaamuliwe na bahati. Na kumbuka kwamba picha za Tea zilitoka katika hifadhi ya zamani, ya wanachama waliojiunga zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Kampuni ilikuwa imesonga mbele, lakini ghala la mwanzo lilibaki na watu ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata ukuta wenyewe ungejengwa ukiwa umechelewa.

Funzo la sita linahusu fedha. Kama biashara yako inagusa fedha za watu, usizishike mwenyewe kwenye hatua ya majaribio. Acha benki na kampuni za simu zenye leseni zifanye kazi hiyo. Wewe tunza kumbukumbu ya muamala tu.

Kulinda taarifa za watu si hiari tena. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inayoisimamia. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake, na inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi wajisajili. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Sheria hizi zinashikilia msingi mmoja: taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa, zisizidi mahitaji ya kusudi hilo, na zilindwe. Hakuna kifungu kinachosema kampuni changa isubiriwe ikue kwanza.

Lakini faini isiwe sababu kubwa ya kujali. Mwanamke anayekimbia mume anayempiga, kijana anayeishi na VVU, mkulima aliyeweka hati ya shamba lake rehani: watu hawa wakikupa taarifa zao wamekukabidhi kitu kinachoweza kuwaangamiza. Hawajui Firebase ni nini. Hawajui kwamba umejenga kwa wikiendi mbili. Wanachokiona ni nembo nzuri na kitufe kilichoandikwa Jisajili, na wanadhani nyuma yake kuna mtu mzima aliyefikiri. Wanastahili mtu huyo awepo.

Nina neno pia kwa wanaowalea wajenzi hawa. Mashindano yetu ya ubunifu huwapa zawadi waliomaliza kujenga kwa saa 48, na majaji hushangilia kila programu inapowaka kwenye skrini. Waulizeni pia: taarifa za watu mmeziweka wapi, nani anaweza kuzisoma, na mtazifuta lini? Wawekezaji wanaodai idadi ya watumiaji kila mwezi waulize hilohilo. Walimu wa vyuo wafundishe kanuni za ruhusa katika somo lilelile wanalofundisha hifadhidata, wasizisukumie kozi ya mwaka wa mwisho. Kijana atajali kile ambacho wakubwa wake wamemwonyesha kwamba kinahesabika.

Nawe unayejenga, endelea kujenga, na jenga haraka. Tumia kila chombo kinachokufupishia njia ya kujua kama watu wanakihitaji unachokitengeneza. Kosea rangi, kosea bei, kosea hata wazo zima, kisha anza upya bila aibu. Ila ukifika kwenye uso wa mtu, kitambulisho chake, ugonjwa wake, siri yake au fedha yake, simama. Kama huna uwezo wa kukilinda, usikichukue.